Mteremko wa Kwa Ngollo, Bila Filimbi

Jumatatu, 12 Januari

Nimepewa Puge. Walimu wenzangu wa michezo wamepangiwa makocha wa hapa mjini, mtu unakwenda kwa miguu asubuhi na mchana uko kwako unakunywa chai. Mimi, Maua binti Abdulatifu, mwoga kuliko wote, nimepewa kocha Shigela wa Puge, kule alikovunjika mtu mguu mwaka jana.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Chama chetu cha baiskeli kinataka kila kocha akae na mwalimu mmoja mpaka siku ya mashindano, tarehe 11 Aprili, amsaidie kufundisha kwa namna ambayo mchezaji atajifunza kuendesha mwenyewe. Mpaka sasa makocha walikuwa wanawafuata wachezaji wao kwa pikipiki wakiwaelekeza njia nzima. Mwaka huu pikipiki zimepigwa marufuku, kwa sababu ya huyo aliyevunjika. Nilisomea mambo haya kwenye kozi kule Dodoma, na pale ukumbini, chini ya feni, niliyaelewa yote.

Ripoti ya chama ina mahali pa kuandika mahudhurio, hali ya hewa na maoni. Haina mahali pa kuandika "naogopa". Basi nitaandika humu.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda. Nimepokelewa na filimbi kabla sijapokelewa na mtu.

Njia ya mashindano inaacha lami pale Puge, inafuata barabara ya udongo, kisha inashuka korongoni. Mahali penyewe wanapaita Kwa Ngollo, kwa sababu mzee Ngollo amejenga pale juu. Mteremko ni mkali, una kona katikati, na chini kuna kivuko cha zege ambacho mvua ikinyesha maji hupita juu yake. Kizuizi cha pembeni hakuna. Nilisimama pale juu nikatazama chini, nikarudi nyuma hatua mbili.

Kocha Shigela ni mtu mrefu wa miaka sitini hivi, kofia ya pama kichwani, filimbi shingoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Kila siku ya mazoezi, kabla wachezaji hawajafika, anamwaga majivu kutoka juu mpaka kivukoni, mstari mmoja mweupe wa kufuata. Halafu anapanda pikipiki, anamfuata mchezaji kwa nyuma. Filimbi moja, kanyaga. Mbili, breki. Tatu, kata kona. Nao wanashuka vizuri, sitaki kusema uongo. Ungewaona ungesema wamezaliwa juu ya kiti cha baiskeli.

"Umeona, mwalimu?" akasema. "Hapa hakuna cha kuongeza."

"Nimeona, kocha. Sasa siku ya mashindano nani atawapulizia?"

Akapuliza filimbi, akaondoka na mchezaji mwingine.

Anayeshuka vizuri kuliko wote ni binti anaitwa Minza, mtoto wa dada yake kocha. Ana miaka kumi na tisa, na tangu yuko shule ya msingi anapeleka maziwa kwa baiskeli. Watatu wa kwanza wataingia timu ya mkoa, naye hataki kitu kingine duniani. Alilaza baiskeli chini, akapiga goti pale pale barabarani kunisalimia. "Mwangaluka, mwalimu." Macho chini, sauti ndogo. Binti amelelewa yule.

Kando ya njia kulikuwa na kijana anaziba pancha, mguu wake wa kulia ameunyoosha kama fimbo. Ndiye Fikiri, aliyevunjika. Mwaka jana alishuka Kwa Ngollo kwenye mvua akingoja filimbi ya breki. Haikumfikia. Akaendelea kungoja mpaka akaingia korongoni. Kumbe ni mtoto wa kocha, wa kumzaa mwenyewe!

Nimerudi nimekasirika. Mtu filimbi imemvunjia mwanawe, na bado anaipuliza.

Jumapili, 18 Januari

Mvua kutwa. Mama anasema tangu jana natembea nimeshika kifua.

Jumamosi, 24 Januari

Nimemwomba kocha jambo moja tu: mchezaji ashuke mara moja bila filimbi, polepole. Akacheka, akasema sawa, tuone. Akamwambia Minza aende.

Minza akaja mpaka juu ya mteremko, akashika breki, akaweka mguu chini, akasimama. Nilidhani ameogopa. Hapana. Alikuwa anangoja. Tukamwacha. Akageuka kumtazama mjomba wake, akageuka tena mbele, akangoja. Aliyefuata akafanya vivyo hivyo, na wa nyuma yake pia, mpaka wakawa wamejipanga pale wote wanangoja kupuliziwa. Kocha aliacha kucheka.

Kama wangeanguka nisingeogopa vile. Nilimwona Minza tarehe 11 Aprili, maji yanapita kivukoni, mguu chini, anangoja sauti ambayo haipo. Au hakusimama, anakwenda tu huku anangoja, kama binamu yake. Ya Rabi, nilinde na picha hii.

Jumatano, 28 Januari

Radi imepiga nguzo ya umeme mtaa wa pili hapa Itetemia. Nimelala chumbani kwa Mama, mwanamke mzima wa miaka thelathini na tisa. Amenicheka weee.

Jumamosi, 31 Januari

Mvua ya jana imefuta majivu yote Kwa Ngollo, hata alama. Kocha alisimama na ndoo yake akitazama tope. Nikaona hapo hapo ndipo pa kusemea. Nikamwambia, kocha, hata siku ya mashindano mvua itanyesha, tuwafundishe kitu kisichofutika.

Tumewapeleka uwanja wa shule, pasipo na mteremko. Tumetupa matawi, mawe na ndoo ovyo ovyo, na kila wakizunguka tunavihamisha. Hakuna mstari wala filimbi. Mchezaji atazame, aamue, apite. Kocha nilimwomba akae kwenye benchi.

Wameendesha vibaya ajabu. Wanagongana, wanakanyaga matawi, mmoja kaingia kwenye maua ya mwalimu mkuu. Nikamweleza kocha kwamba ndivyo inavyokuwa. Akiambiwa kila kitu mchezaji anapendeza leo, kesho hana kitu. Akihangaika mwenyewe leo anachekesha, lakini alichokipata ni chake.

"Kwa filimbi walikuwa wanashuka kama maji," kocha akasema. "Leo umenifanyia vilema."

Kisha akamwona Fikiri amekaa nyuma yetu. Akavua kofia, akaitazama ndani kama aliyepoteza kitu.

Jumamosi, 7 Februari

Kozi ilisema usimwambie mchezaji alichokosea, muulize. Ajifunze kujiona. Basi nimemuuliza Minza kwa upole kabisa, "Ulipofika kwenye lile jiwe, uliona nini ukaamua kupita kushoto?"

Akainama, akachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Mwalimu ndiye anajua," akasema.

Nikauliza tena. Akapiga goti, akadhani nimekasirika! Mjomba wake alipomuuliza ndiyo kabisa, machozi yakaanza kumlengalenga.

Mama yake, Recheli, alikuwa anapita na mzigo wa kuni. Akautua. "Mwalimu," akaniambia, "mwanangu nimemlea. Hawezi kusimama mbele ya mkubwa akasema mimi nimeona hivi. Huko mjini ndiko mnakowafundisha watoto kujibizana."

"Mama, si kujibizana. Siku ya mashindano hakutakuwa na mkubwa wa kumwambia."

"Basi asiende." Akainua kuni zake. "Na akivunjika, utakuja kumbeba wewe."

Alisema bila hasira, ndiyo maana limenikaa. Kwenye basi nililirudia njia nzima: utakuja kumbeba wewe.

Jumamosi, 14 Februari

Leo nimecheka, na aliyenichekesha ni kocha Shigela!

Nilifika nikamkuta amempa Fikiri kigoda, amemkalisha pale wachezaji wanapomalizia mzunguko. Yeye mwenyewe amekaa hatua chache nyuma, ametupa mgongo, anajifanya kukata kamba. Nikauliza kuna nini. "Wewe nyamaza, mwalimu. Huyu ni binamu yake. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba hawana adabu, ni watani tangu tumboni."

Minza akaja. Fikiri akamdaka. "Oya we, pale kwenye ndoo ulikuwa unatafuta nini, mchumba?"

"Mchumba nani, mguu mmoja wewe!" Sikuamini ni sauti yake. "Ndoo niliiona mapema. Nilikuwa naangalia upande tope lilipokauka, lina rangi nyeupe. La rangi nyeusi linakamata tairi."

"Uongo. Ulifumba macho."

"Ulifumba wewe mwaka jana! Mimi siangalii tairi, naangalia ninakokwenda. Ukiangalia tairi unaifuata tairi."

Wiki nzima nilikuwa natafuta namna ya kuwaeleza hilo la kutotazama tairi, na binti kalipata mwenyewe kwenye uwanja wa shule. Nilimtazama kocha. Kisu kimesimama juu ya kamba, anasikiliza kwa mgongo. Nilikuwa nimemwona mtu wa kupuliza tu. Najirudi kidogo.

Alhamisi, 19 Februari

Mfungo wa kwanza. Kiu, na mvua inanyesha nje kama kwa makusudi.

Jumamosi, 21 Februari

Nitaandika nitakavyoweza.

Tumewarudisha Kwa Ngollo. Mimi ndiye niliyesema wako tayari. Kocha aliuliza mara mbili, "Una hakika, mwalimu?" nami nikasema nina hakika, na sikuwa nayo. Nani ana hakika na kitu kama kile? Lakini nilijua tukingoja mpaka Aprili watashuka siku ile kwa mara ya kwanza, na hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko hii.

Udongo ulikuwa umekauka juu, chini mbichi. Watatu walishuka salama, polepole, kila mmoja na njia yake. Nikaanza kupumua. Akaja Minza. Mbele ya kona, ng'ombe wawili wa mzee Ngollo wakatoka kwenye majani wakasimama katikati ya barabara. Alikuwa na nafasi ya kupita, niliiona kwa macho yangu, upande wa juu. Lakini alifanya kitu kimoja kabla ya kuamua: aligeuza kichwa kumtafuta mjomba wake. Kufumba na kufumbua, tairi la mbele likaenda upande wake, baiskeli upande wake, na mtoto akaserereka kwa ubavu mpaka karibu na ukingo wa korongo.

Sikumbuki nilishukaje. Nakumbuka Fikiri anakuja na mguu wake ule, anaanguka, anainuka, anapiga kelele "Baba! Baba!" kama aliyeanguka ni yeye. Nakumbuka kocha amepiga magoti kwenye tope anamshika Minza kichwa, anauliza "Mguu? Unausikia mguu?" na filimbi ipo mdomoni, kila akisema neno inatoa kamlio.

Mguu mzima. Alhamdulillahi, mguu mzima. Ngozi ya mkono na paja imechunika vibaya, na kidole cha gumba kimetenguka. Zahanati wamemfunga, wamesema ndani ya wiki mbili atakuwa sawa.

Recheli alikuja mbio na unga mikononi. Hakumtazama kaka yake, alinitazama mimi. "Mtaniambia mtoto akililia wembe mpe. Msinambie. Wembe huu mmempa nyinyi, hakuulilia." Akamchukua mwanawe.

Kocha akanyanyuka, akapanda mteremko mpaka kwenye pikipiki. Akarudi na ndoo ya majivu, akaanza kumwaga mstari kutoka juu, peke yake. Niliondoka akiwa amefika kwenye kona.

Nimefuturu maji na tende moja tu.

Jumapili, 22 Februari

Kila nikifumba macho namwona anageuza kichwa.

Jumamosi, 28 Februari

Sikwenda. Nimempigia mwenyekiti nikaomba anibadilishie. Amesema hakuna wa kubadilishana na mimi, wote wanaijua Puge. Mama alinisikia. Akasema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini wewe umeshapeleka kilio, sasa unakimbilia wapi?" Mama yangu huyo, asante sana.

Jumamosi, 7 Machi

Nilikuwa nachambua choroko za futari, nikasikia pikipiki mlangoni. Kocha Shigela, na Fikiri nyuma na dumu la asali. Kutoka Puge mpaka hapa Itetemia! Nikawakaribisha barazani. Mama akataka kuwapa chai, kocha akakataa, akasema haiwezekani anywe mbele ya watu waliofunga.

Alizungusha kofia mikononi. Halafu akaanza.

"Mwalimu, Minza anashuka Kwa Ngollo. Peke yake, asubuhi, kabla hajapeleka maziwa. Mama yake hajui. Nimemkuta juzi nikipeleka ng'ombe malishoni."

Choroko zilinimwagika. "Peke yake? Na ule mkono?"

"Mkono umefungwa. Nilimwona anakuja, nikaweka filimbi mdomoni. Nikasema nikipuliza atashtuka, nisipopuliza ataanguka. Nikasimama hivyo hivyo. Akakata kona, akavuka, akapanda ng'ambo. Hakujua nipo."

Nikamuuliza alijisikiaje.

"Mwaka jana nilipuliza," akasema. "Watu wanadhani nilichelewa. Sikuchelewa, mwalimu. Nilipuliza mpaka kifua kikauma, mvua ikaimeza. Namwona mwanangu anakwenda, najua anangoja, na sina cha kumfikishia. Tangu siku hiyo nikinyamaza namwona anaanguka. Mimi siipendi hii filimbi. Naiogopa kuiacha."

Fikiri alikuwa anatazama barabarani.

"Nimekuja unifundishe kunyamaza. Mengine nimeyaelewa. Hilo ndilo siliwezi."

Nilidhani mtu huyu ni mkaidi. Kumbe ni mwoga kama mimi, tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na kitu cha kupuliza. Nikamwambia nitarudi, kwa sharti moja: Recheli aambiwe leo leo, na asipokubali, Minza hashuki. Wakaondoka kabla ya magharibi.

Jumatatu, 9 Machi

Fikiri amepiga simu. Recheli alilia, akamchapa Minza kofi, kisha akasema: basi mfundisheni kweli, maana kumzuia siwezi, atashuka kwa kuiba.

Jumamosi, 14 Machi

Tumeanza upya kutoka chini. Kwanza kivukoni, kisha nusu ya mteremko, kisha kutoka juu. Kila mara tunabadilisha kitu: tawi, kijito cha maji tunachomwaga kwa ndoo, mbuzi wa mzee Ngollo. Kocha ameichomoa filimbi shingoni, ameitia mfukoni. Mkono wake unaizunguka mfukoni mle wakati wote, lakini haitoki. Fikiri anauliza maswali yake ya utani, baba yake anasikiliza kwa mgongo, na jioni tunakaa wawili kupanga wiki inayofuata tufanye nini na lile tulilolisikia. Jambo la leo: wote wanasema kwenye kona hawajui maji yana kina gani mpaka wayafikie. Kocha amesema atachomeka fito za urefu mbalimbali majini, wajifunze kukisia. Hilo kozi yangu haikuwa nalo.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Biriani, wageni, na baada ya adhuhuri mvua ya mawe. Nimewaza kona ile katikati ya kula.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua imenyesha tangu asubuhi, nasi tukasema ndiyo tunayoitaka. Recheli alikuja na mwavuli, akasimama karibu nami.

Minza alishuka kutoka juu. Alikuwa vizuri, kwa kweli alikuwa vizuri, anatazama mbele, amechagua upande wa majani. Mimi nikaona maji chini yamepanda, na kabla sijajijua nikapiga ukelele, "Breki!"

Akashika breki. Akatii kama askari. Tairi la nyuma likateleza, akanusurika kwa kuweka mguu chini, na uso ulikuwa umempauka. Alikuwa hana haja na breki. Fikiri alipomuuliza akasema, "Nilikuwa napita. Nikasikia mwalimu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kocha akaja taratibu, maji yanamdondoka kwenye kofia.

"Mwalimu," akasema, "yangu nimeitia mfukoni. Yako iko kooni."

Hakuwa ananicheka. Recheli alisikia yote.

Jumamosi, 4 Aprili

Mazoezi ya mwisho. Nimefunga mtandio mdomoni kama mwenye jino bovu, nimeng'ata pindo lake kutwa. Hakuna aliyeanguka.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimelala Puge nyumbani kwa Recheli, yeye ndiye aliyenialika. Tumekula michembe ya viazi vitamu na karanga. Minza ameosha baiskeli, ameipaka mafuta cheni, amelala mapema. Sisi wawili tumekaa jikoni tunasikiliza bati.

"Inanyesha," akasema Recheli.

"Inanyesha, dada."

Akasukuma kuni motoni.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimekaa ukingoni mwa barabara, tope mpaka magotini, naandika kabla sijasahau lolote.

Mbio za wanawake zilianza saa tatu. Makocha waliruhusiwa kusimama mahali, si kufuata. Sisi tulisimama Kwa Ngollo, chini kidogo ya kona: mimi, Recheli, Fikiri na kocha. Mvua imenyesha usiku kucha, kijito kimekuwa mto, na zege la kivuko halionekani, unaona tu mahali maji yanapovimba. Kocha alitoa filimbi mfukoni, akampa Fikiri. Kisha akageuka akatupa mgongo, akatazama vichaka.

Wakatokea. Wa kwanza akapita kwa bahati, miguu yote miwili hewani. Wa pili akapita. Wa tatu alikuwa binti wa timu nyingine, simjui jina. Alipofika kwenye kona nilimwona anageuza kichwa kutafuta mtu wake. Nilikijua kichwa kile. Baiskeli ikamtoka, akaanguka kwa makalio katikati ya barabara, na baiskeli ikalala upande wa majani, upande ule ule ambao Minza hupita.

Na Minza alikuwa nyuma yake, anakuja kasi.

Nikaona yote. Upande wa majani kuna baiskeli, katikati kuna mtu, upande wa chini korongo. Hapakuwa na njia. Mdomo ukafunguka wenyewe, sauti imeshafika kooni, na mkono ukaniziba. Mkono wa kukoboa na kuchota na kubeba kuni, ukanibana mdomo mpaka meno yakazama ndani.

"Nyamaza, mwalimu," Recheli akaninong'oneza. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, namsikia mgongoni. "Anaona."

"Amefika wapi?" kocha akauliza vichaka.

Minza hakugeuza kichwa. Alipunguza, akaruka chini baiskeli ikiwa bado inatembea, akaitupa begani, akapanda ukingo wa juu kwa miguu, kwenye majani ya mzee Ngollo, akapita juu ya kona nzima. Hilo hatukumfundisha. Halikutujia sisi, wala hakuna kozi iliyolisema. Akateremka upande wa pili, akasimama majini mpaka magotini, akanyoosha mguu mmoja mbele kupima zege, kisha akapita anatembea, baiskeli begani, maji yanamsukuma. Ng'ambo akairukia, akakanyaga. Hakutazama nyuma hata mara moja.

"Amevuka, baba," Fikiri akasema.

Kocha akachuchumaa pale pale alipokuwa, mikono kichwani. Recheli akaniachia. Mkono wake una alama za meno yangu, zinavuja damu, na mpaka sasa hajaziona. Yule binti aliyeanguka tulimwinua, ni mzima, analia kwa hasira tu.

Minza ameshika nafasi ya tatu.

Alirudi kwetu anasukuma baiskeli, tope mpaka shingoni, anatetemeka kwa baridi. Akailaza baiskeli. Akapiga goti kwa mjomba wake, kwa mama yake, kwangu, kama siku zote. Fikiri akafungua mdomo aanze utani wake, "Oya, mchumba, pale kwenye kona uliona..."

"Ngoja, Fikiri," Minza akasema. Akanyanyuka. "Mjomba. Mama. Mwalimu. Pale kwenye kona niliona hivi."

Alitutazama usoni, mmoja mmoja, akaanza kutueleza. Na sisi wakubwa, kwenye tope, tukakaa chini kumsikiliza.